Malalamiko: "Tuswali" si filamu ya dini, nirudishieni pesa yangu

Kwa watu wa huduma kwa wateja,

Salaam. Naandika kwa sababu nishawapigia mara tatu na kila mara ni ile sauti ya kanda inaniambia simu yangu ni muhimu sana kwenu, halafu inakata.

Ijumaa iliyopita baada ya Isha nilikuwa nimekaa na nyanya yangu hapa Majengo. Kizungu hajui, na ndio maana nikalipia kile kifurushi chenu cha filamu zenye maandishi ya Kiswahili, shilingi 500 kwa mwezi, M-Pesa mlipokea bila kuchelewa hata dakika. Sasa kwenye sehemu mliyoiita Dini na Familia nyanya akaona kuna filamu inaitwa "Tuswali". Akasema weka hiyo hiyo, leo Ijumaa. Nikaweka, na mtoto wa dadangu wa miaka 9 akasogeza mto wake mbele ya tivi.

Jamani ile ni Let Us Prey ya 2014! Prey hiyo ni ya kuwinda, si pray ya kuswali, wenyewe walicheza na matamshi makusudi na nyinyi mkaingia mzimamzima. Ni filamu ya kutisha, damu tele. Askari anaitwa Rachel anaripoti zamu yake ya kwanza kwenye kituo kidogo cha polisi huko Uskoti, usiku huo huo analetwa mgeni asiyejulikana katoka wapi (ni yule mzee Liam Cunningham, Davos wa Game of Thrones), anatiwa seli nambari 6, kumbe yeye ndiye aliyewafuata wao, ana kidaftari cha majina na anajua kila mtu humo ndani alimfanya nani nini, mahabusu na maaskari pia.

Mtoto nilimtoa mapema, gari ilipogonga mtu tu nikamwambia nenda kalale. Lakini msidhani nyanya aliogopa. Mwanzo kabisa kuna kunguru wengi na bahari, akacheka, akasema si serikali ilisema 2024 itawaua milioni moja, kumbe hawa wa soko letu la Marikiti walikimbilia kwa wazungu. Alitaka kuendelea. Kilichomshinda ni hayo maandishi yenu.

Mashine imechukua maana isiyo yake ya kila neno la Kizungu: seli (cell) mmeiandika "simu ya mkono". Yaani mtu anakokotwa na pingu, chini imeandikwa "mtie kwenye simu ya mkono namba sita". Zamu (duty) mmeiita "ushuru", Rachel anaambiwa huu ni usiku wake wa kwanza wa ushuru, nyanya ananiuliza kwani hawa ni polisi au ni watu wa kastamu Kilindini? Kuandikisha maelezo (statement) ikawa "taarifa ya benki". Nikawa sasa mimi ndio nafasiri, nasimamisha, naeleza, nabonyeza tena, na ikifika pale mgeni anamkazia mtu macho na kumtajia dhambi yake, pale ambapo filamu yote imetegemea, maandishi yanasema "wewe ni bili ambayo haijalipwa vizuri" na nyanya amekaa tu ananitazama mimi badala ya tivi. Utamu wa hadithi ni kwamba wenye funguo za seli ndio wenye madhambi mazito, na mtu wa Mombasa aliyewahi kulala stesheni hata usiku mmoja, kavuliwa mkanda na viatu, hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Nyinyi mmemnyima.

Nilipomweleza habari ya kidaftari akanyamaza kidogo, akasema "huyo si jini mwanangu, jini haandiki." Mtu anaelewa filamu hivyo halafu mnampa takataka za mashine!

Nataka shilingi 500 zangu zirudi kwa namba ile ile niliyolipia. Filamu itoeni kwenye Dini na Familia leo, si kesho, kuna watoto, na muiandike wazi ni ya watu wazima. Na hayo maandishi mpeni mtu aliyezaliwa na lugha hii ayafanye upya, huku Pwani wako wengi hawana kazi. Mkimaliza nijulisheni, kwa sababu tuliizima katikati na nyanya kila siku ananiuliza yule sajini wa kituo alifanywa nini.

Ni mimi mteja wenu,
Majengo, Mombasa