Si kila fedha ya Waviking iliporwa

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka 19 bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini makala ya Jumapili iliyopita kuhusu hazina ya Galloway, ile mali ya kale iliyofukuliwa kusini-magharibi mwa Uskoti, imenishinda. Kwa mwandishi wenu mambo ni mepesi: Waviking, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia, walivamia monasteri, wakaiba, wakafukia, basi.

Kuvamia walivamia. Iona, kisiwa cha watawa huku Uskoti, walifika mwaka 795, wakarudi 802, na 806 wakaua watu 68 wa jumuiya iliyoanzishwa na mtawa Columba mwaka 563. Lakini Feidlimid mac Crimthainn, mfalme wa Munster na Mkristo, naye mwaka 833 aliwaua watu wa monasteri ya Clonmacnoise huko Ayalandi, akachoma ardhi yao hadi mlangoni mwa kanisa. Mbona yeye hatajwi?

Na hazina yenyewe, iliyofukuliwa 2014, ina bangili yenye maandishi ya runi, herufi za kale za Ulaya ya kaskazini, ambayo wataalamu wanayasoma kuwa mali hii ni ya jumuiya. Kimo pia chombo chenye kifuniko ambacho fedha yake ilichimbwa Iran! Ilipita mikono mingapi kabla ya kuzikwa karibu mwaka 900? Sisi Waswahili tungeelewa upesi, maana kwetu fedha ni madini na fedha ni pesa. Waviking walikata bangili vipande vipande, wakavipima kwenye mizani, wakalipia bidhaa.

Uchungu wangu ni wa siku nyingi. Nilimpeleka binti yangu, wakati huo ana miaka 8, kwenye jumba moja la makumbusho hapa Uskoti ninapoishi. Ndani ya kabati la kioo palikuwa na dirhamu, sarafu ya kale ya fedha ya nchi za Kiislamu. Hati yake ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ni ngumu, lakini mimi nimesoma chuo cha Kurani Lamu, maneno ya shahada ya imani siyapotezi. Nikaanza kumsomea mwanangu neno kwa neno. Mhudumu akanijia, akaniambia nisimdanganye mtoto, hayo ni marembo tu. Marembo! Lebo nayo iliandika "sarafu ya kigeni", bila mji, bila mwaka. Binti yangu akanitazama mimi, akamtazama yule bwana, hajui amwamini nani. Watu waliochimba fedha ile, wakaiyeyusha, wakaichapa jina la Mungu, walifutwa mbele ya macho yangu, na makala yenu imewafuta tena.

Halafu ile picha ya kofia yenye pembe mliyoiweka kwenye makala! Haijapatikana hata moja ya Waviking; pembe hizo zilienezwa na mavazi ya opera ya Kijerumani ya mwaka 1876.

Naomba hivi: kila mkichapisha picha ya fedha ya kale, chini yake wekeni mistari 3, uzito kwa gramu, mahali ilipofukuliwa, na madini yalikotoka. Na mwandishi wenu apande feri pale Fionnphort, ni kama dakika 10 tu, ashukie Iona, akae saa nzima kwenye ile Ghuba ya Wafia Dini karibu na gati, kisha aiandike makala yake upya.

Msomaji wenu,
Glasgow