Malalamiko Kuhusu Urejeshaji wa Nakshi za Mbao na Dari ya Maktaba Yangu

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji
Nakala: Msimamizi wa Mradi

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea ankara yenu ya awamu ya mwisho pamoja na hati ya makabidhiano, ambayo natakiwa kuitia saini kuthibitisha kwamba nimeridhika na kazi. Sijaridhika, na sitatia saini. Mkataba wetu ulikuwa wa kurejesha mbao zilizokuwepo, na kusanifu upya ukuta mmoja tu, ule wa dirishani uliokuwa umeliwa na mchwa. Ninyi mmechukua ruhusa ya ukuta mmoja mkaitumia kwenye chumba kizima.

Nianze na nakshi, maana hapo ndipo penye hasara isiyolipika. Utepe wa majani unaozunguka chumba juu ya makabati ulichongwa kwa mkono. Ukipanda ngazi na kuumulika kwa taa kutoka ubavuni, ulikuwa unaona kazi ya patasi katika kila jani: mshipa wa katikati umezama, na pembeni mikato mifupi pale fundi alipogeuza mkono kufuata nyuzi za mti. Hakuna majani mawili yaliyofanana. Mafundi wenu wakaupitishia mashine ya msasa. Leo majani hayo ni mabonge laini, mishipa imebaki michirizi hafifu, na karibu na mlango ncha zimelika kabisa. Milango ya makabati nayo haikusalimika. Ule uso wake mwekundu wenye mawimbi ulikuwa vinia, yaani ganda jembamba la mbao lililogandishwa juu, isiyofika unene wa milimita moja, na msasa umeitoboa hadi mbao nyeupe ya chini ikachungulia. Badala ya kuniita nione, mkapaka rangi ya kahawia kuficha.

Juu ya hapo mkamwaga vanishi ya poliyurethani, yaani ya plastiki. Mng'aro wa awali ulikuwa wa shelaki, vanishi ya asili itokanayo na utomvu wa wadudu, na kulijua hilo hakuhitaji maabara: tone la spiriti kwenye kona iliyojificha huilainisha mpaka inanata kidoleni. Uzuri wa shelaki ni huo huo. Ikichakaa, fundi huilainisha na kuirudisha palepale bila kuikwangua mbao. Poliyurethani ikishakauka haisikii spiriti. Siku itakapoanza kubanduka, itabidi ikwanguliwe au itolewe kwa kemikali kali, na nakshi zitaumia mara ya pili.

Katika pendekezo lenu la kazi mliandika kwamba mnafuata Hati ya Venice ya 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi na kurejesha majengo ya kale. Ibara yake ya 9 inataka urejeshaji ukome pale kukisia kunapoanza, na ya 12 inataka vipande vinavyoziba mapengo vipatane na vilivyopo lakini vitambulike kuwa si vya asili. Najua hati hiyo iliandikwa kwa ajili ya majengo ya kumbukumbu, na maktaba yangu ni chumba cha mtu binafsi. Lakini si mimi niliyewaomba muitaje. Mliitaja wenyewe, na ni moja ya sababu zilizonifanya niwape kazi. Basi naomba mniambie yale maua mliyobandika kwenye makutano ya fremu za dari yametoka wapi, kwa sababu hayamo katika picha hata moja ya zamani niliyowapa, wala katika michoro tuliyokubaliana.

Na hiyo dari yenyewe mmeifanyia kosa ambalo mwanafunzi wa useremala hutahadharishwa nalo mapema. Kila paneli ilikuwa imeingizwa kwenye mfuo wa fremu bila gundi wala msumari, na kuachiwa nafasi ndogo pembeni. Ilikuwa hivyo kwa makusudi: mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, na lazima iwe na pa kwendea. Ninyi mlizikuta zikicheza kidogo, mkadhani ni ubovu, mkazigandisha kwa gundi pande zote nne. Hewa ilipokauka paneli hazikuwa na pa kwenda, na tayari tatu zimepasuka kufuata nyuzi, moja kwa mlio niliousikia nikiwa nimekaa mezani. Fundi wenu mmoja kijana aliliona hili mapema. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia msimamizi kwamba paneli zisitiwe gundi, akajibiwa afanye alichotumwa.

Kwenye ukuta wa dirishani, ambako kweli mlikuwa na ruhusa ya kubuni, mmeondoa nguzo za kati ili rafu "zionekane za kisasa". Rafu zilikuwa na urefu wa sentimita 80 kati ya nguzo na nguzo, sasa ni 120. Kwa ubao wa unene uleule uliopangwa vitabu mwanzo hadi mwisho, nyongeza hiyo huzidisha kupinda zaidi ya mara tano, na mmetumia ubao wa unga wa mbao, ambao ni dhaifu kuliko ule wa asili. Zimeshabonyea katikati. Isitoshe, mmezibana hadi ukutani bila upenyo wa hewa nyuma, kwenye ukuta wa nje, mahali ambapo ukungu huanzia.

Ninachotaka ni hiki. Kwanza, kazi yote isimame, na mtu yeyote asiguse tena nakshi kwa msasa wala kemikali. Paneli za dari zitolewe kwenye gundi na kurudishwa katika mifuo yake, zile zilizopasuka ziungwe na si kubadilishwa, na maua mliyoyabuni yaondolewe. Rafu zirudishiwe nguzo zake na mgongo wenye upenyo. Kuhusu vanishi na vinia, tutamteua pamoja mtaalamu wa kuhifadhi mbao asiye wa kampuni yenu, gharama zake mkazilipa ninyi, na nitafuata ushauri wake hata akisema iachwe ilivyo. Yule fundi kijana awemo katika kikosi kitakachorudi.

Kuna jambo moja la haraka kuliko hayo yote. Vipande vya nakshi mlivyovitoa kwenye ukuta wa dirishani, ikiwa ni pamoja na vile vilivyoliwa na mchwa upande wa nyuma, ni mali yangu na havimo katika orodha ya vitu mlivyorudisha. Naomba ghala lenu na lori lililobeba vifusi vikaguliwe leo hii, kabla havijatupwa au kuchomwa. Hivyo ndivyo vipande pekee ambavyo msasa haukuvipitia, na bila hivyo hakuna fundi atakayejua majani yale yalichongwaje.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14. Hadi hapo malipo ya awamu ya mwisho yamesitishwa kwa mujibu wa kifungu cha dosari za kazi katika mkataba wetu. Nimeambatisha picha za kabla na baada, michoro tuliyoitia saini na nakala ya pendekezo lenu.

Wenu katika mkataba,

Mteja na mmiliki wa maktaba