Darasa la dekupaji lisiwe la alasiri moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ombi kwa wanaofundisha dekupaji hapa Bagamoyo, yaani ile kazi ya kukata picha za karatasi, kuzibandika juu ya sanduku la mbao na kuzifunika kwa vanishi hadi mkono usiweze tena kuhisi ukingo wa karatasi. Ombi langu ni kwamba darasa la wanaoanza lisimalizwe kwa alasiri moja.

Nilihudhuria darasa la namna hiyo wakati wa masika. Sanduku langu lilikuwa dogo, la mbao ya mwembe, nililokusudia kumpa wifi yangu awekee udi. Nilikata jahazi kutoka kwenye kalenda ya zamani, nikalibandika, na kabla gundi haijakauka tukaambiwa tupake vanishi kwa kuwa muda ulikuwa unakwisha. Tukayafunga masanduku kwa magazeti, tukaenda nayo nyumbani. Nilipolifungua langu asubuhi, gazeti lilikuwa limeng'ang'ania kifuniko, maandishi yake yakiwa yamebaki juu ya tanga la jahazi, na tanga lenyewe lilikuwa limeota malengelenge. Vanishi ilikuwa imegeuka nyeupe kama maji ya mchele. Mwenzangu mmoja aliniambia kwamba yeye hana mkono wa kazi hii na hatarudi tena, jambo lililonisikitisha kuliko sanduku.

Mkono wake haukuwa na kosa. Karatasi ikilowa gundi hutanuka, na isipopewa muda wa kulainika kabla ya kubandikwa hufanya mikunjo. Maji ya gundi nayo, yakifungiwa chini ya vanishi huku hewa ya pwani imejaa unyevu, hayana pa kutokea. Siku hizi nasugua mbao kwa msasa laini na kufuta vumbi lote. Kisha napaka gundi nyepesi kwenye mbao na nyuma ya picha, nangoja kidogo, halafu naisukuma karatasi kwa kidole kutoka katikati kwenda pembeni mpaka gundi ya ziada itoke. Kiputo kinachobaki nakitoboa kwa sindano. Baada ya hapo sanduku hulala wazi, kifuniko kimeinuliwa kwa kijiti, hadi kesho yake, na mvua ikinyesha naliacha siku mbili. (Picha za ukoo zisikatwe; nakala ya fotokopi inatosha, tena wino wake hauchuruziki ukikutana na gundi.)

Mafundi wa Venice wa karne ya 18, waliobandika picha zilizochapwa kwenye samani ili kuiga laka, yaani mpako mgumu unaong'aa, ya China na Japani, walipaka vanishi tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lilingojewa likauke. Mwanafunzi wa leo hahitaji tabaka nyingi kama zao, lakini hata matatu hayawezi kuingia katika muda wa saa nne.

Kwa hiyo nawaomba wakufunzi wetu waligawe darasa: siku ya kwanza iwe ya msasa na gundi, masanduku yabaki hapohapo darasani, na vanishi ingoje siku ya pili. Ada ikiongezeka kwa sababu hiyo, mimi nitailipa, na yule mwenzangu nitamshawishi arudi.

Msomaji wako,
Bagamoyo