Krismasi njema kwa wote wanaosuka, wanaofuma na wa kroshia

Habari zenu wapendwa, natumai mko salama. Wale mmebaki Nairobi najua mnafurahia barabara zikiwa wazi, manake nusu ya mji ishaenda ushago na nauli imepanda vile hupanda kila Desemba, na wale mko njiani na mifuko ya uzi miguuni, safari njema. Nawatakia Krismasi njema na mwaka mpya wenye baraka, nyinyi na watu wenu wote.

Kitu nimependa sana kwa kikundi chetu mwaka huu ni vile hakuna mtu anaficha ujuzi. Ukimuuliza mtu hii shingo ya sweta umeianzaje, anakuja anaketi kando yako, anakuonyesha, unafumua, unaanza tena, na hachoki. Kwingine mtu akijua mtindo mpya ananyamaza nao asije akanyang'anywa wateja, na simlaumu, biashara ni ngumu, lakini hapa kwetu wa vitambaa vya makochi wamefunza wa sweta, wa sweta wakafunza wa kofia, na kuna vijana wa kiume wameshika sindano ya kroshia na wanashona kazi safi kabisa, hongera zenu.

Na asante kwa yule dada alitufunza kuchagua sweta za kufumua tupate uzi, pale soko la mitumba la Gikomba. Kwa wale hawakuwepo: geuza sweta uangalie mshono wa pembeni, kama imekatwa na kupigwa ovaloki achana nayo hata kama rangi ni tamu aje, uzi utatoka vipande vipande. Kama kila upande ulifumwa peke yake halafu zikaunganishwa, hiyo beba, utapata uzi mrefu wa kufaa.

Sasa wale mko ushago nina ombi. Wengi wetu kiondo, kile kikapu chetu cha kusukwa, tunakijua soko la Kariokor, kishamalizwa, kishawekwa mikanda ya ngozi. Lakini kazi inaanzia mbali, huko Machakos, Kitui, Makueni, jani la mkonge linakwanguliwa hadi zibaki nyuzi tupu, zinaanikwa, zingine zinatiwa rangi, halafu mama anaketi anazisokota kwa paja, nyuzi baada ya nyuzi, na hapo hata hajaanza kusuka. Na mkonge wenyewe ni mgeni, asili yake ni Mexico, huku Afrika Mashariki uliletwa Tanganyika 1893 na Mjerumani anaitwa Richard Hindorf. Viondo vilikuwepo kitambo kabla yake! Ukambani walitumia nyuzi za gome la mbuyu, Wakikuyu walikuwa na kichaka chao kinaitwa mugio. Huo ujuzi bado uko na akina susu na cucu wetu, nyanya zetu, wanajua mti gani unachunwa na unachunwa kiasi gani ndio usikauke, na sidhani kuna mahali pengine tutaupata.

Kwa hivo ukimaliza kula chapati na nyama, chukua kiti ukae naye. Muulize anaanzaje kitako cha kiondo, hapo ndio pagumu, ukishashika kitako zile pande zinapanda zenyewe. Na ukimrekodi na simu usisimame mbele yake, simama nyuma ya bega, video ya kutoka mbele inageuza kila kitu na ukijaribu kufuata mikono yako itachanganyikiwa. Muombe ruhusa kwanza lakini. Na kama ana kiondo cha kuuza mlipe bei amesema, tafadhali, usianze kumpunguzia mzee ameketi na hiyo kazi wiki na wiki ati kwa sababu ni wa nyumbani.

Wale wamepoteza mtu mwaka huu na hii ndio Krismasi ya kwanza bila yeye, poleni sana, tunawakumbuka. Wale wako kazini zamu ya usiku, na wale wako peke yao hapa mjini, andikeni tu, mimi sijasafiri, chai iko na uzi uko.

Januari watoto wakirudi shule tutakutana, kila mtu aje na kitu amefunzwa nyumbani, hata kama ni kitako tu hakijaisha. Na yeyote akipata mugio halisi jamani aniletee hata kidogo, nitalipa. Mungu awalinde barabarani.