Malalamiko: Krauni ya 1897 mliyoniuzia ni bandia

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KRAUNI YA MALKIA VICTORIA YA 1897 NA CHETI CHENU CHA UHALISI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua kwenu krauni ya Malkia Victoria ya 1897, ile sarafu kubwa ya fedha ya Uingereza, kwa shilingi 320,000. Ilikuja na cheti chenye mhuri wenu kinachosema imekaguliwa na ni halisi. Si halisi. Nilipowaandikia mara ya kwanza mlinijibu kwa mistari miwili kwamba uzito umepungua kwa sababu sarafu ni kuukuu. Jibu hilo silikubali.

Krauni ya miaka ile ni ya fedha ya 925 kwa 1,000, na uzito wake ni gramu 28.28. Yenu ina gramu 22.6. Niliipima kwa sonara hapa Tanga, kwenye mzani wake wa dhahabu, asije mtu akasingizia mzani wa nyumbani. Upande wa pili tukaweka nusu krauni zangu mbili za miaka hiyo hiyo, maana mbili hutakiwa kulingana na krauni moja. Zangu zimezunguka sokoni hadi sura ya Malkia imelala, na bado ziliishinda yenu kwa mbali. Yenu haijachakaa hata kidogo: mikunjo ya shela kichwani mwa Malkia inahesabika. Sarafu haiwezi kupoteza moja ya tano ya uzito wake kwa kusuguliwa, halafu shela ikabaki vile.

Tuuache uzito. Itazameni ukingoni. Krauni za 1893 hadi 1900 zina maandishi yaliyonyanyuka: DECUS ET TUTAMEN ANNO REGNI (Kilatini: pambo na kinga, katika mwaka wa utawala), kisha mwaka wenyewe wa utawala kwa namba za Kirumi. Victoria alianza kutawala tarehe 20 Juni 1837, na mwaka wake wa utawala ulibadilika kila tarehe hiyo. Kwa hiyo krauni ya 1897 huwa na LX (60) au LXI (61), basi. Yenu imeandikwa LVI (56), mwaka ulioishia Juni 1893. Aliyeitengeneza alinakili ukingo wa krauni ya 1893 akaubandikia tarehe nyingine. Tena kati ya REGNI na LVI kuna vishimo vya hewa, alama ya madini yaliyomiminwa kwenye kalibu. Krauni halisi iligongwa kwa mashine, haikumiminwa.

Yote haya yanaonekana kwa lenzi ya mkononi. Ndiyo maana cheti kinaniuma kuliko pesa. Nakusanya sarafu za 1897, pamoja na zile sarafu ndogo za shaba zilizoitwa pesa, zenye kichwa cha Malkia, zilizotumika Protektoreti ya Afrika Mashariki (eneo la Kenya ya leo), na vijana wanaoanza huniuliza wajikinge vipi na bandia. Wengi hawana mzani wala lenzi. Wanachotegemea ni cheti, na chenu kimetiwa saini na mtu ambaye hakugeuza sarafu akasoma ukingo wake.

Naomba nirudishiwe shilingi 320,000 pamoja na gharama ya kutuma. Pia nataka nijue kwa maandishi ni nani aliyekagua na kwa kipimo gani. Sarafu nitairudisha mkishaniandikia kwamba haitauzwa tena kama halisi.

Lingine ni zito zaidi. Bado mnauza krauni ya 1896 na ya 1899, na picha zenu wenyewe zinaonyesha ukingo: zote mbili LVI. Ya 1896 ilipaswa kuwa LIX (59) au LX (60), ya 1899 LXII (62) au LXIII (63). Ziondoeni leo, na kila aliyekwisha kununua kutoka fungu hilo aarifiwe na arudishiwe pesa zake.

Nisipopata jibu ndani ya siku 14 nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Nimeambatisha nakala ya risiti, nakala ya cheti, picha za ukingo na karatasi ya uzito aliyoniandikia sonara.

Wenu,
Mteja, Tanga