Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Pango la Krubera na Vitabu Vyetu vya Vipimo

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, nami sitamtangulia. Itoshe kusema kwamba ada zimelipwa na wengi (wasiolipa wanajijua), na hakuna aliyeumia pangoni mwaka huu. Hilo la mwisho nalipa uzito kuliko yote.

Sehemu kubwa ya mwaka vikao vyetu vya mafunzo vilishughulikia pango moja: Krubera, katika milima ya Arabika, Abkhazia, magharibi mwa Kaukazi. Baadhi yenu mlihoji tuna haja gani na pango ambalo wengi wetu hatutalikanyaga. Nijibu.

Mlango wake uko takribani mita 2,250 juu ya usawa wa bahari. Watafiti wa Georgia waliufikia mwaka 1960, wakashuka mita zipatazo 57, wakalipa pango jina la Alexander Kruber, mtaalamu wa Urusi wa miamba ya chokaa. Miaka ya 1980 wapelelezi wa mapango kutoka Kyiv, wakiongozwa na Alexander Klimchouk, walilifikisha mita 340. Palionekana pameishia hapo.

Lakini mwaka 1984 rangi iliyotiwa kwenye maji ya mapango jirani ilitokea katika chemchemi za pwani ya Bahari Nyeusi, ikiwemo Reproa, iliyo ufukweni kabisa. Basi maji yalikuwa yakishuka ndani ya mlima zaidi ya mita 2,000. Njia ipo, kilichokosekana ni pa kuingilia. Kisha vita vya 1992–93 vikaifunga milima hiyo.

Timu ya Ukraine iliporudi mwaka 1999, chini ya Yuri Kasjan, haikung'ang'ania sakafu. Ilikagua kuta za shimo lililokwishashukwa miaka mingi, na kati ya mita 220 na 250 ikaingia kwenye madirisha ya pembeni, yaani matundu yaliyo ukutani mwa shimo. Wanaoijua kamba wataelewa ugumu wake. Unaning'inia, maji ya baridi yanakuchuruzikia shingoni, na kila kitu kinakuhimiza ushuke. Wewe unaelekeza taa ukutani, unaona doa jeusi kuliko mwamba, unabembea mpaka unashika ukingo, ndipo unatoboa tundu la nanga ya kufungia kamba kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Dirisha moja liliwafikisha mita 740 mwaka huohuo. Mwaka 2000 ikawa 1,410. Januari 2001 ikawa 1,710, rekodi ya dunia. Oktoba 2004 wakafika 2,080, na kabla ya hapo hakuna binadamu aliyewahi kuvuka mita 2,000 ndani ya pango. Zilizobaki zilikuwa kazi ya wazamiaji: Gennadiy Samokhin aliingia sifoni ya mwisho (njia iliyojaa maji mpaka darini) mwaka 2007 akafika 2,191, na mwaka 2012 akaongeza mita chache tu. Tangu 2017 rekodi inashikiliwa na pango la Veryovkina, katika milima hiyohiyo. Nalo lilijulikana tangu 1968, likafika mita 440 mwaka 1986, kisha likalala mpaka wapelelezi wa Moscow walipopata njia mpya ndani yake.

Mapango yote mawili, basi, yalikuwa yamehesabiwa kuwa yamekwisha. Aliyerudi ndiye aliyefaidi, na huwezi kurudi kwa akili mahali ambapo aliyekutangulia hakuacha vipimo. Hapo ndipo ninapogombana na baadhi yenu. Nimevipitia vitabu vya vipimo vilivyorejeshwa ghalani mwaka huu. Kimoja kina tope mpaka kwenye jalada, safu ya urefu imejazwa vizuri, safu za dira na mwinamo ni tupu. Kwa vipimo hivyo utachora uzi, si pango. Picha za safari hiyohiyo, hata hivyo, zilisambaa kwenye simu za wote kabla kamba hazijakauka.

Kamati tendaji inaleta pendekezo moja mbele ya mkutano mkuu: kikundi kisichokabidhi kwa katibu vipimo kamili vya safari iliyopita, pamoja na mchoro unaoonyesha kila tundu na dirisha ambalo hakikuliingia, kisiazimwe kamba za chama kwa safari inayofuata. Safari za uokoaji hazihusiki. Najua wapo wanaoona ni ukali uliopitiliza, na wawili kati yao wameshajiandikisha kuzungumza. Watapewa muda sawa na wa kamati, kisha tutapiga kura ya siri.