Mwanangu, washa taa kwanza

Langoni, Lamu

Mwanangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo sote, tunalalamikia joto tu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hushikiki. Nikikuuliza, "Niko sawa, mama," halafu unawapa watoto simu wanisalimie. Barua hii huwezi kuwapa watoto, itabidi uisome mwenyewe.

Mkeo ameniambia. Usimgombeze, nilimbana mimi mpaka akasema. Ati usiku miguu haikuachi ulale, na ikishakushinda unashuka kitandani gizani bila woka, kile chuma chako cha kutembelea, unapapasa ukuta hadi jikoni, unarudi, unakwenda tena. Amekukuta umesimama mlangoni pa jikoni, mkono kwenye fremu ya mlango, unaupigapiga mguu sakafuni huku jasho linakutoka. Na nyonga ya bandia ndiyo kwanza imewekwa, nyuzi zimetolewa juzi! Halafu asubuhi unaulizwa na unajibu kuwa ulilala vizuri.

Hutaki kumwamsha kwa kuwa yeye huamka saa kumi kukanda mahamri ya kuuza. Huruma nzuri hiyo, ila umeiweka mahali pasipo pake. Mahamri yakichelewa, wateja watakula mkate siku hiyo. Nyonga ikiteguka unarudishwa chumba cha upasuaji, na hayo mahamri hatayakanda mtu mwezi mzima. Mwamshe. Hata akinuna, mwamshe.

Miguu yenyewe, hii isiyotulia, naijua, usinifundishe. Mimba yako, miezi ya mwisho, sikujua usingizi ni kitu gani. Nikijilaza tu, vijidudu vinaanza kutembea ndani ya mfupa, pale ambapo ukucha haufiki. Nikisimama vinatulia, nikilala vinarudi. Nilikuwa nikizunguka juu ya nyumba mpaka adhana ya alfajiri. Ulipozaliwa ikaisha. Bibi yako mzaa mama, maradhi haya hayakumwacha mpaka anafariki. Alikuwa akisugua nyayo ukutani usiku kucha, na chokaa ya upande wa miguuni pake ilikuwa imeliwa mpaka mawe yakaonekana. Kwa hiyo ondoa hiyo dhana kuwa daktari amekukata mshipa. Jambo hili liko ndani ya ukoo wetu, lilikuwa limelala. Kupoteza damu pale mezani, kulala bila kujigeuza, na madawa juu yake, ndiyo yameliamsha.

Shangazi yako naye hakukosa la kusema. Kwake yeye ni shetani, na anataka kukufukizia ubani. Mjomba wako amemjibu kuwa daktari mmoja wa Uingereza, Thomas Willis, aliwaandika watu wenye miguu hii tangu mwaka 1672, akasema kitandani hawapati usingizi, ni kama waliotiwa mahali pa mateso. Shangazi akasema hata Uingereza mashetani yapo. Tumeyaacha hapo.

Sasa nisikilize. Sikukatazi kusimama, miguu ikitaka kutembea itatembea, hilo najua. Lakini taa kwanza, kisha woka, kisha mkeo asimame karibu. Ulivyoambiwa hospitali ni nini? Goti lisipande juu ya nyonga, usipandanishe miguu, usigeuze vidole vya mguu kuelekea ndani. Na miguu hii inataka nini? Inataka uikunje, uisokote, upandishe mmoja juu ya mwengine. Yaani kila inachokililia ndicho ulichokatazwa. Tena mtu akiwa nusu usingizini, akageuka kwa haraka gizani, mguu hubaki palepale na mwili ukazunguka. Ndivyo nyonga mpya inavyotoka. Likitokea (Mungu aepushe), utasikia maumivu ya ghafla, mguu utaonekana mfupi na umepinda, hutaweza kuukanyagia. Asikuguse mtu, asiuvute mtu. Hospitali.

Kwenye kikapu nimekutilia tochi ya kuvaa kichwani, zile wanazovaa wavuvi wa usiku. Taa ya simu haifai, maana ukishika simu kwa mkono mmoja, woka utaishika kwa nini? Tochi iweke chini ya mto, upande ule usiofanyiwa upasuaji, ili usijinyooshe kuitafuta. Betri nyengine nimezifunga kwenye gazeti. Na mkeka wa mlangoni uondolewe, na ule waya wa feni unaokatiza chumba. Nimeuona kwenye picha aliyonitumia mwanao.

Haya, dawa. Mkeo anasema unameza Piriton upate usingizi. Acha. Zile dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi huichochea miguu hii, na nyingi za kuzuia kutapika, kama Plasil, ni vivyo hivyo. Mtu analewa usingizi na miguu inazidi kucheza, halafu analazimika kusimama huku kichwa kizito. Hapo si umeanguka? Kuhusu kabati la nani ulikojifunza kutafuta Piriton usiku, tusiulizane.

La tramadoli, zile dawa zako za maumivu, limenigusa zaidi. Nimesikia umezikata mwenyewe ghafla, ukiogopa zisije zikakuzoea. Najua umefikiria nini. Mtaani petu tumewazika vijana ambao walianza na kidonge. Nimejivuna kwa hilo, wallahi, mtu mwenye maumivu akaona mbali namna hiyo. Lakini zile hazikatwi hivyo. Ndizo zilizokuwa zinaishika hiyo miguu. Ukiziondoa kwa mara moja inarudi na hasira. Hupunguzwa kidogo kidogo, na anayepanga ni daktari. Mpigie simu leo, mweleze kila kitu, pamoja na hizo Piriton. Usimfiche kama unavyonificha mimi.

Binti wa jirani, yule muuguzi, amenikalisha akanieleza habari ya damu, nami nikamwomba arudie mpaka nikaelewa. Miguu hii huja sana kwa mtu ambaye akiba yake ya madini ya chuma imeshuka, na upasuaji wa nyonga humwaga damu si haba. Kuambiwa "damu yako iko sawa" hakutoshi, kwa sababu damu inaweza kuwa sawa na akiba ikawa imekauka. Kipimo cha akiba kinaitwa feritini. Kwa mtu mwenye miguu hii, ikiwa 75 au chini yake, madaktari huona afadhali aongezewe chuma, ingawa karatasi ya maabara inaweza kukuandikia kuwa ni kawaida. Na amenitahadharisha na jengine: mwili ukiwa bado na uvimbe wa upasuaji, hesabu ile hupanda yenyewe, ikadanganya. Kwa hiyo waulize pia kipimo kinachoonyesha chuma kilichobebwa kwenye damu. Usiende dukani kununua vidonge vya chuma kwa kubahatisha. Chuma kikizidi mwilini nacho ni ugonjwa. Ukipewa, kimeze kwa maji ya ndimu, mbali na chai na maziwa. Choo kitakuwa cheusi, ndivyo kilivyo, ila kwa kuwa unameza na dawa ya kuzuia damu isigande, wajulishe hata hivyo.

Ndimu zimo kikapuni, za kwetu. Maini atakupikia mkeo. Na chai yako hiyo ya rangi, nzito, kila baada ya chakula, ndiyo inayokizuia chuma kisiingie, tena ya jioni inaichokoza miguu. Kunywa ya asubuhi peke yake. Kahawa ya baada ya Isha isahau kwanza. Sigara sitaitaja, maana uliniapia umeacha.

Daktari akikupa dawa ya miguu, muulize itakufanya nini baada ya miezi. Zipo dawa za ugonjwa wa kutetemeka (Parkinson) ambazo hutuliza upesi, lakini mtu akidumu nazo miguu huanza mapema zaidi, alasiri, na wengine huwapanda hadi mikononi. Siku hizi wengi huanza na gabapentini. Nayo hulevya, hasa ikikutana na hizo tramadoli. Ukipewa hiyo, ndiyo kabisa usikanyage chini bila woka na taa. Narudia najua. Nitarudia tena.

Kabla ya kushuka, jaribu kwanza ukiwa umelala chali, mto katikati ya miguu kama ulivyoonyeshwa. Vuta nyayo juu, zisukume chini, polepole, mara nyingi. Kaza paja, hesabu, liachie. Mkeo akuwekee kitambaa cha maji ya moto kwenye mashavu ya miguu, mbali na kidonda. Wengine hupoa kwa maji baridi, ujue mwenyewe lipi lakufaa. Kutembea kwako kufanye kabla ya Isha, ukumbini, mwendo wa pole ulioelekezwa na mtu wa mazoezi, usisubiri saa nane. Na kama usingizi umekataa kabisa, washa taa, kaa kwenye kiti kirefu chenye mikono, shughulisha kichwa. Miguu hii hutulia kichwa kikiwa na kazi. Bibi yako alikuwa akisuka ukili usiku, na akisuka hasugui ukuta. Nimekutilia ile kofia uliyoanza kuishona ukaiacha robo. Uzi upo, sindano nimezichoma kwenye kitambaa chekundu uzione. Ikianguka sindano usiiinamie, muache aokote mwengine.

Neno moja la kutofautisha, na hili mkeo alisome. Miguu yetu hii hutulia ukitembea na hurudi ukilala. Lakini ukiona shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto, linauma hata ukitembea, hiyo si miguu isiyotulia, inaweza kuwa damu iliyoganda. Kifua kikikubana au pumzi ikikatika, msingoje asubuhi. Ndiyo maana nimemkatalia shangazi yako kumtuma yule mkandaji wake. Anakanda vizuri, simkosei heshima, lakini mkono wake hauna macho ya kuona ndani ya mshipa. Na asije akaivuta nyonga "kuiweka sawa". Imeshawekwa sawa kwa pesa nyingi.

Mambo ya huku. Unataka kuja Maulidi, nimesikia. Usije. Basi mpaka Mokowe umekaa saa zote zile goti limekunjwa, kisha uruke kutoka ngazi za gati kuingia kwenye boti, ngazi zina utelezi, boti inapanda na kushuka, na vijana wanavyosukumana unawajua. Msikiti wa Riyadha hauhami. Wiki 6 hadi 12 ndizo wanazotoa madaktari kwa makatazo haya, na wako akisema zaidi, ni zaidi. Tena nyumba yetu bado haiko tayari kwako. Choo ni cha kuchuchumaa. Nimeshamwita fundi aweke cha kukaa, ameleta bei, nimemrudisha akafikirie tena. Ngazi za kupanda juu unazijua, hata mimi siku hizi nazipanda kwa mkono mmoja ukutani, basi utalala chini, kile chumba cha magunia. Ndugu yako ameahidi kuyahamisha. Ameahidi tangu Ramadhani.

Boriti ya ukumbini imeliwa na mchwa upande mmoja, nduguyo anataka kuweka chuma, mimi nataka mkoko wa sawasawa. Hatujaelewana. Sikuandikii ili utume pesa! Mwezi huu usitume. Umewabeba wadogo zako vya kutosha, na huo moyo wako wa kutosema unaumwa mpaka pesa ziishe ndio ulioifanya nyonga ile ya kwanza kuoza usiwahi kunena. Pesa hizo nunua kile kiti cha kunyanyulia choo, na jaza dawa. Sala swali kwenye kiti bila kuona haya. Mwenye udhuru amepewa nafasi yake.

Sasa nataka uniandikie, kwa mkono wako, mambo matatu nami niyaone: daktari amesema nini juu ya tramadoli, feritini imesoma ngapi, na ile tochi iko wapi usiku. Usiniambie "iko". Sema iko wapi. Mkeo nitamuuliza pia, nione kama maneno yenu yanalingana.

Kikapu kirudi na basi hilihili, dereva nimeshazungumza naye, na ndani yake mkeo anitilie sufuria yangu kubwa, ile iliyokuja huko na pilau ya Idi. Binti wa shangazi yako anaolewa baada ya Maulidi na tumekwisha kuazima za mtaa mzima.

Mimi mamako